Maulana Azad: Mhariri aliyeshindwa lakini hakuiacha kazi

Kila ifikapo tarehe 11 Novemba, shule na vyuo vya India huadhimisha Siku ya Kitaifa ya Elimu. Siku hiyo iliwekwa rasmi mwaka wa 2008, nayo ni siku aliyozaliwa Maulana Abul Kalam Azad, Waziri wa kwanza wa Elimu wa India huru. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa historia wanitajie viongozi watano waliopigania uhuru wa nchi hiyo. Gandhi hutajwa upesi, Nehru hufuata, na Jinnah hukumbukwa na wale waliosoma kwa bidii. Azad hatajwi. Siwalaumu vijana hao, kwa sababu vitabu vyetu vingi humpitia kwa haraka, kama vikimgusa.

Hata hivyo, naamini kwamba maisha ya mtu huyu yanawahusu walimu na wanafunzi kuliko ya wengi wanaosifiwa. Wasifu wa mashujaa aghalabu huandikwa ili kuonyesha jinsi mtu alivyopanda ngazi hadi akafika kileleni. Wa Azad haukwendi hivyo. Alishindwa katika jambo alilolithamini kuliko yote, akashindwa hadharani, na waliomcheka walikuwa wengi. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nataka tuone jinsi mshindani huyu alivyokubali kushindwa, na alichokifanya kesho yake.

Azad alizaliwa Makka mwaka wa 1888. Baba yake, Maulana Khairuddin, alikuwa mwanachuoni wa asili ya Delhi aliyehamia Hijazi, na mama yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa wanachuoni wa Madina. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kama miwili, jamaa wote walihamia Calcutta, jiji ambalo wakati huo lilikuwa makao makuu ya serikali ya Waingereza nchini India. Mzee Khairuddin hakuwa na imani na shule za kizungu. Alimsomesha mwanawe nyumbani, yeye mwenyewe na kwa walimu aliowachagua, na masomo yalikuwa Kiarabu, Kiajemi, falsafa, hesabu na elimu ya dini. Mwana wa muhunzi asiposana huvukuta, na kijana huyu alisana mapema. Kozi ambayo wengine waliimaliza wakiwa na miaka ishirini na zaidi, yeye aliimaliza akiwa na miaka 16. Baba yake akamtafutia wanafunzi wapatao 15 awafundishe, kwa kuwa desturi ya wanachuoni wale ilikuwa kwamba mtu hajathibitisha kuwa amejua mpaka aweze kumjulisha mwingine.

Laiti angaliishia hapo, angalikuwa shehe mwenye wafuasi kama babake. Lakini kijana alianza kusoma maandishi ya Sir Sayyid Ahmad Khan, mwanzilishi wa chuo cha Aligarh, aliyewahimiza Waislamu wa India wajifunze sayansi na lugha ya Kiingereza. Azad akaona kwamba elimu aliyokuwa nayo haikutosha. Bila ya kumwambia babake alianza kujifunza Kiingereza, na njia aliyoitumia ningependa kila mwalimu wa lugha aisikie. Baada ya kujua herufi na misingi michache, alichukua Biblia ya Kiingereza, akaiweka kando ya tafsiri zake za Kiajemi na Kiurdu, akazilinganisha sentensi kwa sentensi. Kisha akahamia magazeti, kamusi mkononi.

Wakati huo huo moyo wake ulijaa shaka kuhusu mambo mengi aliyoyarithi bila ya kuyahoji. Ndipo alipojichagulia jina la uandishi la Azad, yaani mtu huru. Kuhusu Abul Kalam, msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba kalam hiyo ni kalamu ya wino. Ni neno jingine la Kiarabu lenye maana ya usemi, na Abul Kalam ni baba wa usemi. Hata hivyo, kosa hilo halingemdhulumu mwenyewe, kwani aliishi kwa usemi na kwa kalamu pia.

Mwaka wa 1903, akiwa na umri wa miaka kama 15, alianzisha jarida la kila mwezi huko Calcutta lililoitwa Lisan-us-Sidq, maana yake ulimi wa ukweli. Husimuliwa kwamba mwanachuoni mashuhuri Shibli Nomani, aliyekuwa akiyasoma maandishi yake kwa mbali, alipokutana naye mara ya kwanza alidhani kwamba ametumwa mtoto wa Abul Kalam. Hakuamini kwamba kijana asiye na ndevu ndiye aliyeandika makala zile. Shibli alimchukua akafanye kazi katika jarida lake la An-Nadwa huko Lucknow, na baadaye Azad akahudumu katika gazeti la Vakil la Amritsar. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya uandishi wa habari.

Mwaka wa 1905 Waingereza waliligawa jimbo la Bengal sehemu mbili, moja ikiwa na Waislamu wengi na nyingine Wahindu wengi. Hapa nieleze kwamba ninaposema Wahindu nina maana ya wafuasi wa dini hiyo, si raia wote wa India ambao twawaita Wahindi. Vijana wa Kihindu wa Bengal waliunda vikundi vya siri kuupinga mgawanyo huo, nao hawakuwaamini Waislamu hata kidogo. Azad aliwaendea na kuwaomba wampokee. Baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alisafiri Iraki, Misri, Siria na Uturuki, akakutana na wanamapinduzi wa huko walioshangaa kusikia kwamba Waislamu wengi wa India walikuwa wametulia chini ya Mwingereza. Aliporudi nyumbani alikuwa amekwisha kuamua kwamba wenzake lazima waamshwe, na kwamba chombo cha kuwaamshia kilikuwa gazeti.

Gazeti hilo lilitoka tarehe 13 Julai 1912. Liliitwa Al-Hilal, yaani mwezi mwandamo, nalo lilichapishwa kila wiki kwa Kiurdu. Magazeti mengi ya Kiurdu ya wakati huo yalichapishwa kwa mawe ya kunakilia maandishi ya mkono, na sura yake ilikuwa hafifu. Azad alitumia herufi za chuma na akatia picha. Lugha yake ilikuwa nzito, yenye ladha ya Kiarabu na Kiajemi, lakini ilikuwa na moto. Aliandika kwamba dini yake haimruhusu mtu kumnyenyekea dhalimu, kwamba kupigania uhuru ni wajibu, na kwamba Mwislamu hana sababu ya kumwogopa jirani yake Mhindu. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, katika muda wa miaka miwili nakala 26,000 zilikuwa zikiuzwa kila wiki. Idadi hiyo haikuwahi kuonekana katika magazeti ya Kiurdu. Tukumbuke pia kwamba nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi wasiojua kusoma.

Serikali ilikuwa na dawa yake. Sheria ya Magazeti ya mwaka wa 1910 iliipa uwezo wa kumdai mchapishaji amana ya fedha, na kuitaifisha amana hiyo endapo gazeti lingeandika jambo lisilopendeza. Azad alidaiwa rupia 2,000, zikachukuliwa. Akadaiwa rupia 10,000, nazo zikaenda njia hiyo hiyo. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza, Al-Hilal lilifungwa. Mwishoni mwa 1915 alianzisha lingine kwa jina la Al-Balagh, nalo halikudumu hata nusu mwaka. Mwaka wa 1916 aliamriwa atoke Bengal. Majimbo ya Punjab, Delhi, Bombay na mengineyo yalikuwa yamekwisha kumpiga marufuku, kwa hivyo palibaki Bihar. Alikwenda mji wa Ranchi, na huko akawekwa kizuizini mpaka mwanzo wa mwaka wa 1920.

Katika miaka hiyo alianzisha madrasa kwa ajili ya watoto wa Ranchi, akaendelea na kazi yake kubwa ya kuifasiri Kurani kwa Kiurdu. Polisi walimpekua mara kwa mara na kuchukua miswada yake, na kurasa nyingine hakuziona tena. Ilimbidi aanze upya. Mwalimu yeyote aliyewahi kupoteza maandalio ya somo moja tu na akaona uchungu, na alinganishe.

Mara baada ya kuachiliwa alikutana na Gandhi mjini Delhi, Januari 1920. Kuanzia hapo mwandishi akawa mwanasiasa kamili. Alijiunga na harakati ya kukataa kushirikiana na serikali, harakati iliyofungamana wakati huo na madai ya Waislamu ya kutaka Khalifa wa Uturuki asivuliwe madaraka. Mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waliounga mkono kuanzishwa kwa chuo cha Jamia Millia Islamia, kilichotokana na wanafunzi na walimu waliokataa misaada ya serikali ya kikoloni. Desemba 1921 alikamatwa. Mahakamani hakutafuta wakili wala kukana mashtaka. Aliandika maelezo marefu akikiri kwamba ndiyo, aliiita serikali kuwa ya kidhalimu, kwa sababu ilikuwa hivyo, na kwamba historia imejaa watu wema waliosimama mahali pale pale pa mshtakiwa. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Maelezo hayo yalichapishwa na kusomwa India nzima.

Septemba 1923 alichaguliwa kuongoza mkutano maalumu wa chama cha Congress mjini Delhi, akiwa bado hajatimiza miaka 35. Hapakuwa na kijana kama yeye aliyewahi kuketi katika kiti hicho. Miezi michache baadaye, mwaka wa 1924, Waturuki wenyewe waliufuta ukhalifa. Jambo ambalo mamilioni ya Waislamu wa India walikuwa wamelipigania kwa miaka mitano liliondolewa na wale wale waliodhaniwa kuwa wanalitaka. Wengi waliokuwa bega kwa bega na Azad walivunjika moyo, wengine wakaacha siasa na wengine wakajitenga na Wahindu. Yeye alibaki Congress. Huko kulikuwa kushindwa kwake kwa kwanza, na hakukuwa kwa mwisho.

Machi 1940, Azad alichaguliwa kuwa Rais wa Congress katika mkutano wa Ramgarh. Katika hotuba yake alieleza kwamba anajivunia Uislamu wake na urithi wake wote wa karne kumi na tatu, na kwamba anajivunia vile vile kuwa Mhindi. Alisema kwamba Waislamu na Wahindu wameishi pamoja kwa miaka elfu, wakajenga lugha, mavazi, muziki na mila ambazo si za upande mmoja, na kwamba hakuna awezaye kuutenganisha mchanganyiko huo. Mwezi huo huo, mjini Lahore, chama cha Muslim League kikiongozwa na Mohammad Ali Jinnah kilipitisha azimio la kutaka Waislamu wapewe nchi zao. Mizani ilikuwa imewekwa. Jinnah alikataa kabisa kuzungumza na Azad, akamdhihaki kwamba ni pambo tu lililowekwa na Wahindu ili ionekane kwamba na Waislamu wamo. Kwa mtu aliyefasiri Kurani na kukulia katika nyumba ya wanachuoni, kuambiwa hivyo na wakili aliyesomea London kulikuwa ni tusi zito. Azad hakujibu tusi kwa tusi.

Agosti 1942, Congress ilipitisha azimio la kuwataka Waingereza waondoke India mara moja. Alfajiri ya siku iliyofuata, Azad, Nehru, Patel na wenzao walikamatwa mjini Bombay, wakapelekwa katika ngome ya Ahmednagar. Humo alikaa karibu miaka mitatu. Aliamka kabla ya mapambazuko, akajitengenezea chai ya Kichina yenye harufu ya asmini, isiyotiwa maziwa, akaanza kuandika. Aliandika barua kwa rafiki yake mwanachuoni, akijua kwamba hazitapelekwa. Zilichapishwa mwaka wa 1946 katika kitabu kiitwacho Ghubar-e-Khatir, na wapenzi wa Kiurdu hadi leo hukihesabu kuwa miongoni mwa nathari bora za lugha hiyo. Humo hamna siasa nyingi. Anaeleza juu ya shomoro waliojenga viota chumbani mwake na jinsi alivyowazoesha mpaka wakala karibu naye. Anaeleza juu ya muziki, juu ya maua waliyoyapanda uani, na juu ya makosa ya watu wanaotia chai maziwa. Sisi Wakenya hapo angetukosoa sana.

Lakini kitabu hicho kina jambo moja zito. Mkewe, Zulaikha, alibaki Calcutta akiwa mgonjwa. Mwanzoni mwa 1943 habari zikaja kwamba hali yake imekuwa mbaya. Msimamizi wa gereza alimwambia Azad kwamba endapo anataka kuiomba serikali ruhusa, ombi lingefikishwa bila ya kuchelewa. Azad alikataa. Aliona kwamba hawezi kuiomba hisani serikali ile ile aliyoiambia iondoke. Zulaikha alifariki Aprili 1943 bila ya wao kuonana. Miezi mitatu baadaye alipata habari za kifo cha dada yake. Nimewasikia watu wakimlaumu kwa uamuzi huo, wakisema kwamba mume angaliweka heshima yake kando kwa ajili ya mke anayekufa. Lawama hiyo siwezi kuipuuza. Namwelewa Azad, ila siwezi kusema kwamba ningalifanya kama yeye, wala kwamba gharama yake aliilipa peke yake. Zulaikha naye aliilipa, na hakuna aliyemwuliza.

Alipoachiliwa mwaka wa 1945, nchi ilikuwa imebadilika. Muslim League ilikuwa imepata nguvu kubwa. Azad, akiwa bado Rais wa Congress, alipendekeza njia ya katikati: India ibaki nchi moja, lakini majimbo yapewe madaraka mapana, na serikali kuu ishughulikie mambo matatu tu, yaani ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Kwa njia hiyo, majimbo yenye Waislamu wengi yangejitawala bila ya kujitenga. Aliwaeleza Waislamu wenzake kwamba nchi ikigawanywa, mamilioni yao watabaki upande wa India wakiwa wachache na dhaifu zaidi kuliko walivyokuwa. Mpango ambao ujumbe wa mawaziri wa Uingereza uliutangaza Mei 1946 ulifanana sana na mawazo yake. Juni, League iliukubali, na Congress nayo ikaukubali kwa namna yake.

Kwa muda wa wiki chache hivi, ilionekana kwamba Azad ameshinda. Kisha akamwachia Nehru urais wa chama. Tarehe 10 Julai, Nehru aliwaambia waandishi wa habari kwamba Congress itaingia katika Bunge la Katiba bila ya kufungwa na makubaliano yoyote. Jinnah akasema kwamba hiyo ni dalili ya usaliti, League ikajiondoa, na tarehe 16 Agosti ghasia zikazuka Calcutta, jiji alilokulia Azad. Maelfu ya watu waliuawa katika siku chache. Mwaka mmoja baadaye nchi iligawanywa, watu zaidi ya milioni kumi wakahama, na waliokufa hawajulikani idadi yao hasa mpaka leo. Wanahistoria bado wanabishana kama ni maneno ya Nehru yaliyovunja mpango ule au kama ulikuwa umekwisha kuoza ndani. Azad mwenyewe aliamini kwamba kuacha urais wakati ule kulikuwa kosa kubwa katika maisha yake ya siasa.

Fikiria hali yake mwaka wa 1947. Waislamu waliomfuata Jinnah walikuwa na nchi yao na walimwona msaliti. Baadhi ya Wahindu walimtazama kila Mwislamu kwa jicho la shaka. Wenzake wa Congress, Nehru na Patel, walikuwa wameukubali mgawanyo alioupinga. Angaliweza kujiuzulu akaandike vitabu, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, Oktoba mwaka huo alisimama katika msikiti mkuu wa Delhi mbele ya Waislamu waliokuwa wakifunga mizigo kwa hofu. Aliwakumbusha kwamba aliwaonya wasisikie. Kisha akawaambia kwamba kukimbia kwao si hijra takatifu, kwamba mji ule ni wao na historia yake ni yao, na kwamba waondoe woga mioyoni mwao wabaki. Wengi walibaki. Na yeye akarudi ofisini, katika Wizara ya Elimu aliyokuwa ameikabidhiwa tangu Januari 1947. Aliishika mpaka alipofariki mwaka wa 1958.

Hapo ndipo ninapowaomba walimu wanisikilize zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1951 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika nchini India walikuwa kama asilimia 18 tu, na miongoni mwa wanawake hawakufika hata asilimia 9. Katiba ya mwaka wa 1950 ilielekeza kwamba watoto wote wapate elimu ya bure mpaka umri wa miaka 14, na jambo hilo litekelezwe katika miaka kumi. Mtu aliyekuwa hajawahi kuketi darasani katika shule ya serikali ndiye aliyekabidhiwa mzigo huo.

Mwaka wa 1948 iliundwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu chini ya Dakta Radhakrishnan, na mwaka wa 1952 Tume ya Elimu ya Sekondari. Mwaka wa 1953 alizindua Tume ya Misaada ya Vyuo Vikuu, ili fedha za serikali zigawanywe na wasomi badala ya wanasiasa. Alianzisha Baraza la India la Uhusiano wa Kitamaduni mwaka wa 1950, baraza ambalo kwa miaka mingi limesimamia nafasi za masomo kwa wageni, Wakenya wakiwamo. Vikafuata vyuo vya kitaifa vya muziki na tamthilia, vya fasihi, na vya sanaa. Agosti 1951 alifungua Taasisi ya Teknolojia ya Kharagpur, ya kwanza katika taasisi ambazo leo wahandisi wake wametapakaa duniani. Taasisi hiyo ilianza katika majengo ya Hijli, yaliyokuwa kambi ya kuwazuilia wapigania uhuru, na ambamo wafungwa wawili walipigwa risasi na kuuawa mwaka wa 1931. Waziri aliyekaa takriban miaka kumi ya maisha yake katika magereza na vizuizi alilifungua gereza liwe darasa. Sijui kama alilitafakari hilo siku ile, lakini mimi hulitafakari kila nipitapo penye ukumbusho wa kambi zetu wenyewe za enzi ya hali ya hatari.

Tusimpake rangi asiyokuwa nayo. Elimu ya msingi ilikuwa mikononi mwa majimbo, na fedha zilikuwa chache. Lengo la miaka kumi halikufikiwa. Sheria ya kumpa kila mtoto haki ya elimu ya bure ilipitishwa na Bunge la India mwaka wa 2009, nusu karne baada ya kifo chake. Wako wanaosema kwamba vyuo vikuu vilitangulizwa na shule za vijijini zikasahauliwa, na hoja hiyo ina uzito. Katika suala la lugha vile vile alishindwa. Alipenda Kihindustani, lugha ya mazungumzo iliyowaunganisha wasemaji wa Kihindi na wa Kiurdu, lakini Bunge la Katiba likachagua Kihindi mwaka wa 1949. Alisikitika, akaonya tu kwamba Kiingereza kisiondolewe kwa pupa kabla ya lugha za nchi kuandaliwa kwa kazi ya chuo kikuu. Kisha akaendelea na kazi.

Alifariki mjini Delhi tarehe 22 Februari 1958, akazikwa karibu na msikiti ule ule alikowahutubia waliotaka kukimbia. Kumbukumbu zake, alizozisimulia kwa Kiurdu na kuandikwa kwa Kiingereza na Humayun Kabir, zilitoka mwaka wa 1959 kwa jina la India Wins Freedom. Kurasa zipatazo 30 alizifungia zisifunguliwe mpaka ipite miaka 30, na zilipofunguliwa mwaka wa 1988 zilikutwa na ukosoaji mkali zaidi wa wenzake, Nehru akiwamo. Kitabu chenyewe alikitabaruku kwa Nehru huyo huyo. Mtu aliweza kumlaumu rafiki na kumpenda kwa pamoja. Humo aliandika pia kwamba dini peke yake haitaweza kuyafunga pamoja maeneo mawili ya Pakistan yaliyotengana kwa umbali na kwa lugha. Mwaka wa 1971 Bangladesh ilizaliwa. Mwaka wa 1992 India ilimtunuku Azad nishani yake ya juu kabisa, Bharat Ratna, miaka 34 baada ya kufa.

Nishani, hata hivyo, hazimlindi mtu. Mwaka wa 2023 magazeti ya India yaliripoti kwamba jina la Azad lilikuwa limeondolewa katika sentensi ya kitabu cha sayansi ya siasa cha darasa la 11, iliyotaja viongozi walioongoza kamati za Bunge la Katiba. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini sisi tunaofundisha tunajua kwamba asiyekuwamo katika kitabu cha darasa huwa hayumo katika mtihani, na asiyekuwamo katika mtihani husahauliwa kizazi hadi kizazi. Jambo hilo lisituhusu India peke yake. Kila nchi ina mitaala yake na majina yake yanayoondoka polepole, hasa majina ya wale waliokuwa upande ulioshindwa.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tunapofundisha historia ya harakati za uhuru, tuwape vijana wetu washindi na walioshindwa. Tuwaambie kwamba hoja ya mtu inaweza kukataliwa na umati, ikakataliwa na marafiki, na bado mtu huyo akawa na kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi. Nanyi wanafunzi, mtakaposhindwa katika mjadala, katika uchaguzi wa viranja au katika mtihani, mkumbukeni mhariri wa Calcutta aliyefungiwa magazeti mawili, akapoteza nchi aliyoiota, kisha akakaa miaka kumi na moja akihesabu madarasa na vitabu vya watoto ambao wazazi wao wengi hawakumsikiliza.